Mshikaudongo: Maneno ya Miteremko ya Kigali

"Kuimarisha udongo wa mfinyanzi kwa mizizi ya mimea." Ndivyo tunavyoandika kwenye ripoti na mabango ya miradi, na maneno hayo hayana kosa la sarufi wala la tahajia. Lakini mkazi wa Kimisagara au Gatsata, jijini Kigali, ambaye kilima kinaanzia pale pale ukuta wake wa nyuma unapoishia, akiyasoma hatajua mzizi unafanya nini huko chini. Naomba tuyapekue neno kwa neno, mimi nawe tulioachiwa lugha hii tuitunze. Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda pia, na lugha iliyokulia kwenye tambarare za pwani sasa inatakiwa kuzungumza habari za vilima. Istilahi zake za mteremko lazima zipimwe upya.

Tuanze na kuimarisha. Imara imetoka kwenye Kiarabu, katika shina la ʿ-m-r linalozaa maneno ya majengo na makazi, na ndilo hilohilo lililotupa umri. Ni neno la ukuta, la kitu kilichosimamishwa kwa mikono ya watu kikatarajiwa kudumu. Leo serikali huimarisha uchumi, kocha huimarisha safu ya ulinzi, daktari huimarisha afya. Neno likitumika kila mahali, kitendo hakionekani tena ndani yake. Udongo ukichomwa tanurini umeimarika, ukishindiliwa kwa mtambo umeimarika, ukichanganywa na saruji umeimarika. Mzizi haufanyi hata moja kati ya hayo. Chembe za udongo hubaki laini kama zilivyokuwa. Mzizi hupita katikati yake na kuzizuia zisiachane.

Kitenzi cha kazi hiyo tunacho, na kimetulia midomoni mwetu siku zote: kushika. Mkulima akitazama mche wiki chache baada ya kuupanda husema, "Umeshika." Fundi akigusa zege asubuhi husema, "Limeshika." Mpaka rangi kwenye kitambaa hushika. Katika vitenzi vyetu vyote sikijui kingine kinachoweza kusimulia habari ya mteremko uliopandwa nyasi kwa neno moja: mmea umeshika, kwa hiyo udongo umeshikwa. Upande mmoja ni kutendwa, upande mwingine ni kutenda, na mzizi ni uleule. Fundi mwenyewe, tukumbuke, alishavuka mpaka zamani; Wanyarwanda humwita umufundi. Basi na tulitume neno lake la kazini limfuate.

Nomino ya kushika ni mshiko. Najua vijana wa Dar es Salaam wakilisikia watafikiria pesa. Hilo halinisumbui. Neno la mtaani na neno la maabara yanaweza kuishi nyumba moja bila kugombana, na isitoshe pesa ziliitwa mshiko kwa sababu zinashikwa. Kinachonisumbua ni kwamba vitabu vyetu vya sayansi vina mshikamano kwa nguvu inayozifunga chembe za aina moja, na tukisema mshikamano wa udongo hatujui kama tunasema nguvu ya udongo wenyewe au ile iliyoongezwa na mizizi. Wahandisi huzitenganisha mbili hizo katika hesabu zao, nasi tuzitenganishe. Bumba la udongo likiganda kidoleni, hiyo ni kunata: tuuite mnato wa udongo. Mizizi inapopita ndani yake na kuzuia tabaka moja lisiteleze juu ya jingine, huo ni mshiko wa mizizi. Udongo hunata, mzizi hushika. Mvua inapozidi, mnato hupungua kwa haraka, na mshiko ndio unaobaki kubeba kilima.

Nimeandika bumba, na sikulitumia kwa bahati. Udongo wa mfinyanzi ni jina lililopewa udongo kutokana na mtu anayeuhitaji. Ni jina zuri kwa kazi yake, maana anayefinyanga hufinya pia, na vidole vinasikika ndani ya neno. Lakini juu ya kilima cha Jali au cha Gisozi hakuna anayetafuta chungu. Udongo mwekundu wa huko una chembe nyembamba za kaolini na kutu nyingi ya chuma. Sehemu yake kubwa ni mfinyanzi kwa kipimo cha maabara, ingawa mfinyanzi wa kweli angeupita bila kuugusa na kushuka bondeni kutafuta ulio bora. Kuuita kwa jina la mfinyanzi ni kumpa mtu shamba asilolitaka.

Wanyarwanda huuita ibumba, kutoka kubumba, yaani kufinyanga. Hapa, msomaji mwenzangu, ndipo raha ya neno ilipo. Kitenzi hicho ni cha mababu wa lugha zote za Kibantu. Kilipofika pwani kilipoteza b yake ya kwanza, kikawa kuumba, nasi tukakipandisha hadhi. Tukampa Mungu akawa Muumba, tukajiita viumbe, tukaita sura ya kitu umbo na dunia nzima maumbile. Rwanda kitenzi kilibaki na tope mikononi. Neno lao la udongo na neno letu la Mwenyezi ni watoto wa mama mmoja.

Nasi tumebakiwa na bumba katika kamusi, kwa maana ya donge au kitu kilichoshikana pamoja. Napendekeza tulipe kazi ya pili: bumba liwe udongo wowote wenye kunata, uwe wa chungu, wa tofali au wa mteremko, na udongo wa mfinyanzi ubaki kuwa aina yake moja, ile teule. "Mteremko wa bumba", "bumba jekundu", "bumba la bondeni": yote yanasemeka, na Mnyarwanda atayaelewa kabla hajamaliza kuyasikia.

Kenya, watu wengi huuita udongo wowote mchanga. Kwenye mazungumzo haina shida. Kwenye istilahi ni hatari kubwa, kwa sababu mchanga haunati. Atakayepanda nyasi akidhani ana mchanga kumbe ana bumba atakuwa amekosea jambo la kwanza kabisa, nalo ni maji.

Kuhusu maji Kiswahili kimetuwekea jozi ambayo lugha nyingi zingetuonea wivu: kunywa na kunywea. Bumba hunywa wakati wa masika, hufutuka, kisha kiangazi hunywea na kupasuka nyufa. Jozi hiyo ingetosha kufundishia somo zima. Bumba jekundu la vilima vya Kigali hunywea kwa kiasi. Udongo mweusi wa mabondeni ndio unaonywea mpaka mguu unaingia kwenye ufa. Na mzizi nao ni mnywaji. Unaunyang'anya udongo maji na kuyapandisha majanini, na huo ni msaada wake wa pili, ambao kitenzi kuimarisha hakiudokezi hata kidogo. Methali yetu inasema udongo uwahi ungali maji. Ni nasaha ya mfinyanzi kwa wafinyanzi. Kwenye mteremko, mwezi Aprili, udongo ulio maji ndio wa kukimbiwa.

Mzizi sasa. Kinyarwanda ni umuzi, wingi imizi. Sisi tumelirudufisha, zi na zi, na neno lenyewe likawa linajirudia ardhini kama kitu chenyewe kinavyofanya. Wanaisimu wamelichukua wakaita mzizi ile sehemu ya neno isiyovunjika zaidi. Magazeti yamelichukua pia, lakini kwa ubaya: ufisadi umekita mizizi, uhalifu lazima ung'olewe mizizi. Inasikitisha kwamba neno zuri namna hii, kukita, limeachwa mikononi mwa maovu. Nyasi zikikita kwenye ukingo wa barabara ya Kigali, tuandike hivyohivyo: zimekita.

Tunachokosa ni majina ya mizizi kwa kazi zake. Mzizi mkuu tunao, ule unaoshuka wima. Ile myembamba inayotawanyika kama nywele haina jina moja lililokubalika, ilhali ndiyo yenye nguvu zaidi kwa kila kipimo cha unene, na ndiyo inayolisuka bumba la juu. Naiita mizizi uzi. Kwa ule mnene unaovuka tabaka legevu na kuingia kwenye mwamba uliochakaa chini yake, nasema mzizi nanga, nikiazima neno kutoka chomboni. Mteremko unahitaji yote miwili, na mtaalamu akiwaambia wanakijiji "tutapanda mimea ya uzi na ya nanga" atakuwa ameshaeleza nusu ya mpango wake.

Kuna wanaopendekeza nondo hai. Nimelifikiria kwa muda mrefu, kwa sababu hoja yake ina nguvu. Udongo huvumilia kugandamizwa lakini hauvumilii kuvutwa, sawa na zege, na nondo huingizwa kwenye zege ili ibebe mvuto. Mzizi wa nyasi ya vetiva umepimwa Malaysia ukaonekana kuhimili wastani wa megapaskali 75, takriban sehemu moja ya sita ya chuma laini, na si jambo dogo kwa jani. Hata hivyo nondo hupangwa na fundi, hunyooshwa, hukaa pale ilipowekwa. Mzizi hutafuta njia yake wenyewe, hunenepa, hukatika ukaota tena. Nondo hai libaki kuwa mfano wa darasani. Istilahi inapaswa kusimama bila kuegemea chuma.

Tuyatazame maneno ya hatari yenyewe, na hapa Kiswahili ni tajiri kuliko tunavyokitumia. Udongo ukiondoka kidogokidogo juu ya uso wa shamba, umemomonyoka. Ukiachia kipande kando ya barabara, umemeguka. Ukishuka kwa pamoja mlima mzima, umeporomoka. Ukilegea chini ya miguu na kutikisika, unatitia. Ukizama pole pole na nyumba juu yake, unadidimia. Vitenzi vitano kwa mienendo mitano. Lakini ripoti nyingi hutumia viwili tu, na kimoja kati ya hivyo kimetekwa: siku hizi ukisema mmomonyoko, msikilizaji anasubiri umalizie kwa "wa maadili". Wahubiri na wabunge wametumia neno la udongo mpaka udongo wenyewe umekosa. Turudishiwe.

Maporomoko nayo yana tatizo lake, na Rwanda inalionyesha wazi kuliko nchi nyingine. Maporomoko ya Rusumo ni maji ya Kagera yakianguka mpakani na Tanzania; watu huyatembelea kuyaona. Maporomoko ya usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, yaliyoambatana na mafuriko kule Rubavu, Rutsiro, Karongi na kwingineko na kuua watu zaidi ya 130, ni kitu kingine kabisa. Haifai neno moja lilelile libebe mandhari ya utalii na msiba. Nashauri maporomoko yaachiwe maji, na tukio la ardhi liitwe mporomoko, kwa umoja, jinsi wachumi wanavyosema mporomoko wa bei. Na pale kinachoshuka ni tope la maji na mawe, kama Katesh, Tanzania, chini ya Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023, tuseme mporomoko wa tope, kwa sababu hakuna mzizi wa nyasi unaozuia tope lililokwisha kupata mwendo.

Kinyarwanda kina inkangu kwa mporomoko, neno fupi na zito. Ningependa kulikaribisha, lakini sikio letu halitalipokea. Kiswahili kilikwisha kuiacha n iliyotangulia k; inkoko yao ni kuku wetu. Inkangu ingeingia mlangoni ikiwa kangu, nayo tayari ni kimilikishi cha kajumba kangu.

Lakini kuna neno moja la Kigali ambalo natamani liingie kesho asubuhi: manegeka. Ni mahali pa mteremko mkali pasipofaa kujengwa, ambapo mvua ikizidi mtu hana pa kukimbilia. Wakazi wa jiji wanalijua vizuri mno, kwa kuwa wengi wameishi huko na wengi wamehamishwa kutoka huko. Sisi tuna maeneo hatarishi, ambayo yanaweza kuwa kituo cha umeme au soko lenye wezi. Tuna mabondeni, neno la Dar es Salaam, lakini hilo ni la mafuriko, la chini. Tuna genge, ambalo ni mwamba. Hatuna neno la nyumba iliyoning'inia juu ya bumba. Manegeka linakaa kwenye ngeli ya ma- bila taabu: manegeka haya, manegeka yaliyopandwa nyasi, watu wa manegeka. Halihitaji hata kuvuliwa viatu.

Sasa mimea yenyewe. "Mimea inayotumika kuimarisha udongo" ni maelezo, hayajawa jina. Nilifikiria mimea shikizi, ila Tanzania shule shikizi ni ile ndogo inayoegemea shule mama, na kishikizo ni kitu cha kuzuilia kwa muda. Maana inageuka: mmea unaonekana ndio unaoegemea. Jibu nililipata katika Kinyarwanda. Mitaro na mistari ya nyasi inayokata miteremko yao huitwa imirwanyasuri, umoja umurwanyasuri: kurwanya, kupigana, na isuri, mmomonyoko. Kitenzi na nomino vimebanwa pamoja na kuwekwa kwenye ngeli ya mu- na mi-, ngeli ya miti. Watu wanaoichimba kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, hulitamka bila kuona ugumu wowote.

Nasi tuna mbinu hiyohiyo: kinasasauti, kifunguakinywa. Basi mshikaudongo, wingi mishikaudongo. Mmea wowote uliopandwa ili mizizi yake ishike. Nimesikia pingamizi kwamba ni refu. Lina silabi sita. Uimarishaji nalo lina sita.

Mishikaudongo yenyewe ina majina ya kufurahisha. Ile nyasi ndefu ya kulishia ng'ombe inayopandwa kingoni mwa matuta kote Rwanda inaitwa urubingo. Kenya wameshaizoea kwa jina la nepia, la kigeni. Kumbe Kiswahili kina mabingobingo, na ukiliweka kando ya urubingo hakuna haja ya kamusi kukuambia kwamba ni ndugu. Tuliandike hilo. Mwanzi wetu ni umugano wao, haya hayafanani, kila mmoja abaki na lake. Mkaratusi na inturusu ni neno moja la Kigiriki lililopigwa msasa na midomo miwili tofauti.

Vetiva sitaki kuibadilisha. Ni neno la Kitamil lililopitia kwa Wafaransa, na ndani yake mna ver, mzizi, na kabla yake kitenzi cha kuchimba au kukata. Yaani Watamil waliutazama mmea wenye majani ya kutosha kuezekea wakaona jina lake lazima liwe la kile kilicho chini. Istilahi iliyofikiriwa vizuri hivyo haisumbuliwi.

Nimesema matuta, na matuta yana kesi yake. Tuta ni la viazi, na siku hizi ni la barabarani la kupunguza mwendo. Milima ya Uluguru, 1955, watu waligoma kulazimishwa kuyachimba, na tangu hapo neno lina uchungu wake pia. Wanyarwanda husema amaterasi y'indinganire, yaani yaliyosawazishwa. Mimi nina neno la mgemaji: kidato, ile alama inayokatwa kwenye mnazi ili mguu upate pa kukanyaga. Wanafunzi walilichukua wakapanda nalo mpaka kidato cha sita. Mlima uliokatwa ngazi kwa kilimo una vidato, na kila kidato kina ukingo, na ukingo ndio mahali pa mshikaudongo.

Kabla hatujaona haya kwa kuazima, tukumbuke kwamba nasi tumekopesha. Vitabu vya hifadhi ya udongo duniani, kwa lugha yoyote vilivyoandikwa, vinachapa fanya juu bila kulitafsiri. Ni mtaro wa Machakos, Kenya: unachimba kwa kufuata usawa wa mteremko, unatupa udongo upande wa juu, unapanda nyasi juu ya tuta ili mizizi ishike. Lina kaka yake, fanya chini. Ni amri ya msimamizi kwa mchimbaji, imegeuka nomino ya kimataifa ikiwa bado na vumbi la shambani. Ningefurahi istilahi zetu zote zizaliwe hivyo, mdomoni mwa anayeshika jembe.

Kwa taaluma nzima nasema uhandisi wa mizizi. Uhandisi ni Kiarabu handasa, ambacho kilikipata kutoka Kiajemi andāza, kipimo. Maana hiyo ya kupima inafaa, maana kazi hii si kupanda ovyo: nafasi kati ya mche na mche, kina, mwelekeo wa mstari. Uhandisi hai, ninaouona ukitajwa, unaacha swali kama uhandisi mwingine umekufa.

Limebaki jambo moja lisilo na jina, nalo linaua watu. Mti ukikatwa kwenye mteremko, mizizi yake haiachii siku hiyo. Huendelea kushika ikiwa mikavu, mwaka, miaka kadhaa, huku ikioza, na ile mipya iliyopandwa bado haijafika kina. Katikati hapo kilima huwa dhaifu kuliko wakati wowote, ilhali juu panaonekana kijani. Nauita mshiko mfu ule unaotolewa na visiki, na kipindi cha hatari nakiita pengo la mshiko. Yafaa maneno haya mawili yaandikwe kwenye kila kibali cha kukata miti juu ya manegeka, pamoja na tarehe ya kukata na tarehe ambayo mishikaudongo mipya inatarajiwa kuwa imeshika.